Mvua haiondoi sumu, huihamisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo linalotuhusu wakazi wa Ifakara na bonde zima la Kilombero. Reli ya TAZARA inapita hapa na mizigo ya Zambia, Kidatu kuna viwanda vya sukari, na malori ya mafuta yapo barabarani. Hatuombei ajali, lakini kinga ni bora kuliko tiba.

Mafuta au kemikali zikimwagika, wengi husema, "Mvua itaosha." Ndugu wananchi, tusijidanganye. Mvua haiondoi sumu, huihamisha. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka Aprili 26, 1986, upepo ulipeperusha vumbi la mionzi hadi Uingereza, na mvua ikaliangusha kwenye malisho ya milimani. Baadhi ya wafugaji wa kondoo huko waliwekewa masharti hadi mwaka 2012. Majirani zetu wa Zambia nao, Februari 18, 2025, bwawa la taka za mgodi wa shaba lilibomoka wakati wa mvua. Tindikali ikafika mto Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji.

Sasa tutazame kwetu. Dizeli ikimwagika kiangazi, jua hukausha sehemu ndogo tu. Nyingine huzama ardhini. Watu husahau. Masika yakifika, maji ya ardhini hupanda, na mafuta huelea juu yake hadi kwenye visima vyetu vifupi. Mto Lumemo ukifurika, uchafu wa sehemu moja husambaa kwenye majaruba ya mpunga ya watu wasiojua hata kama palitokea ajali.

Kiangazi nacho kina hatari yake. Usiku hewa baridi hushuka kutoka milima ya Udzungwa na kutulia bondeni. Gesi nzito ikivuja saa hizo haipandi juu, hutambaa chini walikolala watu. Ndivyo ilivyokuwa Bhopal, India, usiku wa Desemba 2, 1984, na maelfu wakafa.

Kwa hiyo naomba wahusika wafanye haya. Kwanza, udongo uliochafuka uzolewe kabla ya masika, kwa gharama za aliyechafua, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua wajibu huo. Pili, visima vipimwe mara ya pili baada ya mvua za kwanza, na mara ya tatu mafuriko yakipungua, na matokeo yasomwe kwenye mikutano ya vijiji. Tatu, saa ile ile Zimamoto wanapoitwa, Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo iulizwe upepo unaelekea wapi na mvua inatarajiwa lini.

Moto ukizimwa na lori likivutwa, tusiseme ajali imekwisha. Tungoje masika yapite, tupime, ndipo tuseme.

Mkulima wa Mpunga,
Ifakara, Morogoro.