Meneja na Ufunguo Wake

BARAZANI, na Bin Hatibu

Juma hili nilikwenda katika ofisi moja ya hapa Tanga, ambayo sitaitaja kwa kuwa wenyewe wakisoma watajijua, kufuatilia stakabadhi ya yule jirani yangu ambaye wasomaji wa safu hii mnamfahamu kwa madeni yake kuliko kwa sura yake; na huko nikashuhudia jambo lililonipandisha ghadhabu hata kahawa ya jioni nikashindwa kuimaliza.

Mbele yangu alikuwa ameketi mama wa makamo aliyetoka Muheza kwa basi la alfajiri, aliyewapikia watu wa ofisi ile mpaka mkataba wake ulipokwisha, naye hakutaka ila cheti chake cha utumishi, ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humwajibisha mwajiri kumpa mtu ajira yake ikomapo, pasi na kubembelezwa. Cheti kilikuwa kimekwisha pigwa chapa. Jina limeandikwa sawasawa, tarehe zimo, na sahihi ya meneja ipo kwa wino wa buluu. Kilichokosekana ni muhuri. Muhuri ulikuwa ndani ya mtoto wa meza ya meneja, ufunguo wa meza ulikuwa mfukoni mwa meneja, na meneja mwenyewe alikuwa Dodoma, semina.

Karani, mtu mzima mwenye mvi zake, alimpigia simu akiwa amesimama wima, kana kwamba bwana yule alikuwa akimwona, akajibu “ndiyo mzee” mara kadhaa kwa sauti ya chini, kisha akaiweka simu mezani kwa taadhima.

“Mama yangu, mzee anasema usubiri hadi Jumatatu, akirudi.”

“Jumatatu, baba? Na nauli niliyokwisha kuitoa?”

Karani hakuwa na jawabu, akainamia daftari lake. Nami nilipomwuliza ni semina ya nini iliyomchukua mkubwa wake, akanijibu bila ya kucheka, na kwa kujizuia huko namsifu, ya kwamba ni semina ya uongozi bora. Sina shaka kwamba huko bwana huyo atapewa cheti chake mwenyewe, nacho kitapigwa muhuri siku ile ile kabla ya wali kupakuliwa.

Nasema wazi, wala sihitaji kuketishwa darasani kwa hili: meneja mwema hujulikana siku asiyokuwapo. Awapo ofisini kila mtu ni hodari, kila meza ina karatasi, na kila anayepita ukumbini hutembea kwa haraka ya bandia. Lakini akitoka ndipo tunapojua kama amelea watu au amefuga hofu. Nahodha wa jahazi hulala usiku, na usukani hushikwa na baharia aliyefundishwa kuushika. Hatujapata kusikia nahodha aliyeung'oa usukani akaenda nao kitandani.

Wako watakaonijibu kwa ile methali ya paka na panya. Vema, ikiwa ofisi yao imejaa panya, ni nani aliyewaajiri? Wengine watasema kuwa mihuri huibwa, na watu hughushi. Naam, huibwa, basi na amwandikie naibu wake barua ya kukaimu, liwekwe daftari ambamo kila hati ipigwayo muhuri huandikwa nambari yake, tarehe yake na jina la aliyeipokea, na mkaguzi ajapo alikague mstari kwa mstari. Haya hayataki semina, yanataka karatasi na kalamu. Walakini hawayafanyi, na sababu yao si amana wala uangalifu, bali ni woga: wanachelea kwamba kazi ikionekana yaenda bila wao, watu watauliza mshahara ule mnono ni ujira wa nini.

Wazee wenzangu wataukumbuka Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliowakataza viongozi majivuno na kuwadharau watu, na jinsi wafanyakazi wa viwandani walivyokishika kifungu chake cha 15, hata baadhi yao wakawafungia nje mameneja waliowaona madhalimu. Siku hizi maendeleo yamekuwa makubwa: meneja hujifungia nje mwenyewe, akaenda zake na ufunguo, na wafanyakazi wakabaki ndani wakiomba radhi kwa niaba yake. Wala msinitajie mabaraza ya wafanyakazi, kwani niliyoyaona mimi aghalabu hukutana kunywa soda na kuthibitisha tarehe ya kukutana tena.

Kwa hiyo wenye mali na wakuu wa taasisi wanaoniuliza kila mara watampimaje meneja wao, kana kwamba mimi nauza mizani, nawapa mtihani usio na gharama. Sheria ile ile ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka. Mpeni meneja siku zake zote, na simu ya kazi aiache ofisini pamoja na funguo. Akirudi akakuta mambo yamekwenda, mwongezeeni mshahara. Akikuta yamekwama, mwongezeeni likizo.