Risala ya wazao wa wakimbizi wa 1959, wilaya za Karagwe na Kyerwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa,
Waheshimiwa madiwani, watendaji, wenyeviti wa vijiji na wazee wetu,

Sisi ni watoto na wajukuu wa watu waliovuka Mto Kagera kuanzia mwaka 1959, nyumba zao zilipochomwa moto huko Rwanda. Wanyambo, wenyeji wa hapa, waliwapokea, wakawapa machipukizi ya migomba na mahali pa kuyapanda. Hatuji kumlalamikia jirani.

Karagwe imezoea kupokea wageni. Mwaka 1861 mfalme wetu, Mukama Rumanyika, aliwakaribisha wasafiri kutoka Uingereza, Speke na Grant, huko Bweranyange, na Grant aliposhindwa kutembea kwa ugonjwa wa mguu, alibaki kwa mfalme kwa miezi kadhaa. Lakini fadhila ya mdomo hufa na mwenye nayo. Poland walilifahamu hilo mapema: mwaka 1334 Mfalme Kazimierz aliwathibitishia Wayahudi hati ya Kalisz ya mwaka 1264, iliyolinda maisha yao, mali zao na ibada zao. Myahudi aliyekimbilia huko alikuwa na maandishi ya kushika. Na sisi, Mheshimiwa, tunachoomba leo ni maandishi.

1. Vyeti vya uraia. Mwaka 1980 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000, na mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa Nishani ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi. Baadhi ya wazazi wetu walipata vyeti. Wengine waliambiwa wasubiri, wakasubiri mpaka wakazikwa. Mzee mmoja wa kijijini kwetu ametunza karatasi yake ndani ya kopo la siagi, imefungwa kwa nailoni. Mende wameshakula pembe moja na muhuri umebaki nusu. Alipoipeleka katika ofisi moja, afisa aliigeuza mbele na nyuma, akamwambia alete nyingine isiyochakaa. Aitoe wapi? Tunaomba orodha ya 1980 iletwe wilayani, majina yasomwe kijiji kwa kijiji mbele ya wazee wanaotufahamu, na waliomo wapewe vyeti vipya. Ambao majina yao hayamo, maombi yao yapokelewe upya. Lililo juu ya uwezo wako, tunakuomba utufikishie kwa Waziri wa Mambo ya Ndani.

2. Namba ya kitambulisho cha taifa. Kijana wetu akijaza fomu huulizwa babu yake alizaliwa wapi. Akisema kweli, fomu huwekwa pembeni. Akidanganya, ametenda kosa. Tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa, tunatumia laini za kuazima. Hata kahawa yetu huuzwa kwa jina la jirani, kwa kuwa malipo hupitia akaunti na akaunti hudai namba hiyo. Jirani mwema hukabidhi fedha zote. Yupo pia anayekata ya usumbufu, na hatuna pa kumshitakia. Tunaomba kila mwombaji apewe jibu la maandishi lenye tarehe na sababu, ili anayekataliwa ajue akate rufaa wapi.

3. Operesheni. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu, wapo walioondoka wakiacha ng'ombe zizini na kahawa ikiwa bado imeanikwa. Serikali ina haki ya kulinda mpaka, na majambazi wa barabarani walituumiza sisi pia. Lakini aliyezaliwa hapa alichukuliwa pamoja na aliyeingia juzi, kwa kuangaliwa pua na kusikilizwa matamshi. Tunaomba mtu yeyote asitolewe nchini kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaulizwa habari zake, na kabla hajapewa nafasi ya kuleta karatasi yake na shahidi. Waliorudi wakakuta mashamba yamegawiwa, mashauri yao yasikilizwe na mabaraza ya ardhi.

4. La mwisho ni dogo na halihitaji bajeti. Tunaomba viongozi waache kutuita wahamiaji katika mikutano ya hadhara. Michango ya madarasa na zahanati tunatoa sawa na wengine, na stakabadhi tumeziambatisha kwenye risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.