Neno Moja, Kofia Tatu

Sisi watu wa pwani tunaijua chai ikiwa imekwisha kuwa chai. Twaijua ndani ya birika, pamoja na iliki na tangawizi, au twaiona ikiteremshwa kwenye maghala ya Mombasa, mji ambao mnada wa chai umekuwa ukifanyika tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Ni wachache wetu waliofika inakotoka, Kericho na Bomet, ambako vilima vimefunikwa na michai iliyokatwa vichwa sawasawa mithili ya busati. Mimi nimefika huko zaidi ya mara moja. Lakini leo sitaki kuzungumza habari za majani. Nataka kuzungumza habari za neno moja la Kiingereza lililoota huko pamoja na majani hayo, nalo ni neno "plant".

Neno hili lina kofia tatu. Kwanza ni mmea. Pili ni kitendo cha kupanda. Tatu ni kiwanda pamoja na mitambo yake. Basi Mwingereza aliye Kericho aweza kusema kwamba anataka "to plant a plant near the plant", na Mwingereza mwenziwe asione ajabu yoyote. Sisi twasema kuupanda mmea karibu na kiwanda, na kila neno limevaa vazi lake.

Wala "plant" haliko peke yake. Ile mashine inayosaga majani mabichi katika viwanda vingi vya Kenya ilianzia Assam, nchini India, katika miaka ya 1930, na huitwa kwa herufi tatu, CTC. Herufi hizo zasimamia "crush", "tear" na "curl", yaani kuponda, kurarua na kukunja. Yote matatu, kwa Kiingereza, yaweza kuwa jina na yaweza kuwa kitendo, bila kuongezwa wala kupunguzwa herufi hata moja.

Msomaji aliyekaa chuoni akafundishwa nahau ya Kiarabu hana budi kushangaa. Mwalimu alitufundisha kwamba maneno ni mafungu matatu: ismu, fiili na harufu. Kataba ni kitendo, kitabu ni jina. Mzizi ni ule ule, lakini irabu zimebadilika, na sikio latambua mara moja. Kiingereza nacho, hapo kale, kilikuwa na alama zake. Mmea uliitwa "plante" na kupanda kuliitwa "plantian". Miaka ilivyopita ile miisho ikapukutika kama majani ya mkungu, yakabaki mashina mawili yanayofanana. Tangu hapo Mwingereza hulitambua neno kwa mahali linapokaa katika sentensi. Likitanguliwa na "the" ni jina. Likitanguliwa na "to" ni kitendo. Si upungufu huo, ni desturi yao, na aliyezaliwa nayo hapotei.

Kiswahili kimeshika njia nyingine. Mzizi wetu hautembei uchi. Chukua chuma, neno la watu wa chai na la watu wa karafuu. Achumaye ni mchumaji. Kinachopatikana ni chumo. Na elimu nzima ya mali na matumizi tumeiita uchumi. Wahenga waliposema mchumia juani hulia kivulini, walitia ndani ya neno moja mtu, kazi yake, na mahali anapoifanyia. (Huko Kericho, ambako mvua hainyimi, mtu huchumia mvuani.)

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Sisi nasi twapanda mbegu na twapanda mlima kwa neno lile lile. Tena kitendo chetu chenye ku- huweza kusimama kama jina: "kuchuma kwake ni kwa haraka." Lakini tazama vizuri: hapo hapo sentensi nzima imebadilika ikafuata, kwake, kwa, ili msikilizaji asiwe na shaka. Na tukiletewa kitu kigeni ambacho Mwingereza hukifanya jina na kitendo pamoja, sisi hukiacha kiwe jina, kisha tukatafuta mtu wa kukifanyia kazi, naye ni piga: twapiga simu, twapiga pasi, twapiga brashi.

Atauliza msomaji: Ikiwa kila lugha ina desturi yake, tatizo liko wapi? Tatizo liko pale lugha moja inapoandika sharti, na mwenye kutiwa kidole gumba anaongea lugha nyingine.

Mzee mmoja wa Kikipsigisi, aliyepata kuwa nyapara katika shamba fulani, alinieleza jinsi walivyokuwa wakiitwa mbele ya wachumaji kuwafasiria matangazo ya ofisi. Tangazo moja lilisema kwamba mfanyakazi atakayeleta hasara kwa "plant" atakatwa mshahara. Yeye, ambaye maisha yake yote yalikuwa baina ya michai, akafasiri mmea. Wachumaji wakaanza kushika matawi kwa hofu, kilo zao zikapungua, na malipo yao, ambayo ni kwa kilo, yakapungua pia. Baadaye karani akasema kwamba maneno yale yalihusu mitambo ya kiwandani. "Neno lilikuwa dogo," mzee akaniambia, "lakini lilikula unga wa watoto."

Kisa hicho ni kidogo. Liko kubwa zaidi. Katika karne ya 17 Waingereza walilitumia neno hilo hilo kwa watu: waliwapeleka walowezi Ireland kukalia ardhi ya wenyeji, na tendo hilo wakaliita "plantation", kana kwamba binadamu ni miche. Nchi ya Kericho imeonja maana hiyo. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mwaka 1919, serikali ya kikoloni ilitenga ardhi ya Wakipsigisi kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Wakalima kitani, kikawashinda. Kisha ardhi hiyo ikaishia mikononi mwa makampuni ya chai katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 ikapitishwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mbali na kwao.

Mwenye shamba la namna hiyo, kwa Kiingereza, aliitwa "planter". Ukifungua kamusi ukafasiri kwa haraka utapata mpanzi. Lakini kwa Kiswahili mpanzi ni yule aliyeinama, mwenye udongo kuchani. Bwana yule hakuinama. Walioinama ni wengine. Ndiyo sababu wazee wetu hawakumwita mpanzi. Walimwita mlowezi, na wakawa wamesema kweli. Mfasiri wa leo akiandika mpanzi katika kitabu cha historia cha watoto wa shule, amewapokonya Wakipsigisi jasho lao mara ya pili, safari hii kwa kalamu.

Jambo hili halikuisha na ukoloni. Mwaka 2023, wakazi wenye hasira walizichoma moto mashine kadhaa za kuvuna chai huko Kericho, wakilalamika kwamba zinawanyima vijana kazi. Kwa Kiingereza "harvester" aweza kuwa mtu na yaweza kuwa mashine. Mtu akikuandikia ripoti kwamba "harvesters" wamepunguzwa au wameongezwa, huna budi kuuliza: nani, au nini? Kiswahili hakikubali kuuliza huko. Mvunaji amepunguzwa, mashine ya kuvunia imeongezwa. Viambishi vyetu vidogo, a- na i-, vyamtenga binadamu na chuma cha pua, na katika mashamba ya chai hiyo ni haki, si sarufi tu.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Masharti ya kazi, matangazo ya viwandani na mikataba ya wakulima wadogo wanaouza majani yao yaandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na kwa Kikipsigisi pia panapohitajika, na mtu anayejua kazi ile ayasome kabla hayajabandikwa ukutani. Isiwe kuandika kwa Kiingereza kisha kumtafuta nyapara asimame juani afasiri kwa kubahatisha. Chama cha wafanyakazi na wenye viwanda wanaweza kukubaliana juu ya hilo bila ya kugombana, kwa maana hata mwenye kiwanda hupata hasara neno lisipoeleweka.

Na kwa vijana wetu, wa Mombasa kwa wa Bomet, wanaoona ni ustaarabu kusema "tunaplant" na "tunapick": sisemi maneno ya kigeni ni haramu. Chai yenyewe ni neno lililosafiri kutoka Uchina mpaka likafika kwenye mikeka yetu. Mgeni hafukuzwi. Lakini kupanda na kuchuma tunayo, ni ya babu zetu, na yana watoto na wajukuu: mpanzi, upanzi, pandikizi, mchumaji, chumo, uchumi. Ukimleta mgeni akae mahali pa mwenye nyumba, utampoteza mwenye nyumba pamoja na ukoo wake wote.

Kiingereza tukisome, tena tukisome vizuri, tujue lini "plant" ni jina na lini ni kitendo. Ajuaye hayo hadanganywi na karatasi. Ila tukishajua, turudi tuwaeleze wenzetu kwa lugha ambayo ndani yake mtu ni mtu, mti ni mti, na mtambo ni mtambo.