Barua za Hergé zimehifadhiwa, na za wachoraji wa Kongo?

Hergé, Mbelgiji aliyechora Tintin, alikufa mwaka wa 1983. Miaka 6 baadaye barua zake zilikuwa zimekwisha kutolewa katika kitabu. Mtu huyo alichora Kongo bila kuikanyaga hata siku moja, na wakaaji wake akawafanya kichekesho. Lakini, ajabu, wachoraji wa Kongo nao walimpenda: Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alikwenda kujifunza kazi kwenye studio za Hergé kule Brussels.

Walipenda nini kwake, na walimkatalia nini? Jibu linaweza kuwa katika barua zao. Wizara ya Utamaduni ianze kuzikusanya sasa, wenyewe wangali hai. Mashariki, nyumba moja ikichomwa, makaratasi yote yanakwenda nayo.