Muthiga Usife kwa Gome Lake

Muthiga wa misitu yetu ya Kenya, wenye gome lichomalo ulimi kama pilipili, huwasaidia wengi wetu wenye kikohozi. Lakini tunauchuna shina lote kuuzunguka. Chakula kitokacho majanini hakifiki tena mizizini, nao hufa ukiwa umesimama. Mnamo mwaka 2000 wataalamu wa Afrika Kusini walilinganisha sehemu za nduguye muthiga aotaye kwao, wakaona kwamba majani nayo hupambana na bakteria. Majani huchipua tena. Mbona basi sokoni twadai gome tu? Twawasihi waganga wayajaribu majani, kwa uangalifu, maana kipimo chaweza kutofautiana. Wala mjane achunaye apate unga asikamatwe peke yake, huku tajiri anunuaye magunia akipita salama.