Tableti Zimelala Kabatini

Wewe uliyesomea Nairobi, ulijua nini kuhusu Lodwar zaidi ya jina kwenye ramani? Mimi sikujua kitu. Na wa Lodwar sisi walituona kwenye runinga tu.

Tangu 2016 serikali imesambaza tableti katika shule za msingi za umma. Kuna zile ambazo bado zimefungiwa kabatini, mwalimu mkuu akihofia zikivunjika ataulizwa yeye. Maze, kifaa kinalindwa hadi hakuna anayekitumia!

Na kazi yenyewe si ngumu. Darasa la Lodwar na la Kisii wapime mvua kila asubuhi kwa chupa iliyokatwa na rula, watumiane vipimo kwa WhatsApp, wachore grafu moja. Kufikia Mei, mtoto wa Kisii atauliza mwenyewe: kwani hawa wenzetu wanakunywa nini? Swali hilo hakulitoa kitabuni.

Mwaka 1988, shule za jimbo la New York na za Moscow zilianza kufanya miradi pamoja kwa kompyuta, nchi zao zikiwa bado mahasimu. Sisi tunashindwa na nini, bando?

Kama una mdogo wako shuleni, nenda umuulize mwalimu ni nani ana ufunguo wa hilo kabati.