Damu Yako Ilisafirije Hadi Maabara?

Wagonjwa wengi huiamini karatasi ya maabara kama hukumu ya korti. Ninapouliza damu ilitolewa saa ngapi na ikasafirishwa vipi, hushangaa.

Msomaji, damu iliyo ndani ya chupa ingali hai. Chembechembe zake huendelea kula sukari. Ikiachwa katika joto la chumba bila kutenganishwa, sukari hupungua takribani asilimia 5 hadi 7 kila saa. Kwa mtu aliyefunga kula, kipimo cha 7 au zaidi huashiria kisukari. Damu yenye 8, ikikaa saa 4 ndani ya matatu kwenye jua la adhuhuri, yaweza kusomeka karibu na 6. Mgonjwa huambiwa hana neno, naye hurudi nyumbani na ugonjwa wake.

Usidhani basi kwamba friji ni dawa ya kila kitu. Damu ikiwekwa humo kabla ya kutenganishwa, potasiamu huvuja kutoka kwenye chembechembe, na mtu mzima wa afya huonekana ana figo mbovu. Maji ya uti wa mgongo yanayosubiri kuoteshwa hayatiwi kwenye friji, kwa maana baridi huua baadhi ya vijidudu vinavyotafutwa. Hata mashine ya kuzungusha damu hupata joto kwa kasi yake. Ndiyo sababu maabara kubwa hutumia zenye kipoza ndani.

Hapa Kisian, maabara ya KEMRI hupokea sampuli za virusi vya Ukimwi kutoka vituo vingi vya afya vya eneo la ziwa. Damu ya chupa huhitaji kutenganishwa mapema, kisha ipozwe. Lakini damu ya watoto wachanga hudondoshwa kwenye karatasi maalum, ikakaushwa, ikasafiri bila barafu. Huo ndio werevu: baridi isipopatikana, badili namna ya kubeba.

Kwa maoni yangu, kila chupa iandikwe saa ya kutolewa damu, na kila kisanduku cha baridi kiwe na kipimajoto. Gharama yake ni ndogo. Nawe usione haya kuuliza. Majibu ya uongo ni hatari kuliko kutopimwa, maana asiyepimwa hubaki na shaka, lakini aliyedanganywa hulala usingizi.